Dhiraa Moja

Pete ya chuma iliyofunga pipa la maji la mji ilikatika asubuhi. Pipa lenyewe lilikuwa la mbao, kubwa kama msikiti, limejaa, nalo lilisimama kilimani juu ya nyumba za watu.

Mhunzi Shekue akafua pete mpya haraka haraka. Kwa kuhofia isije ikawa fupi, akaiongeza dhiraa moja, urefu wa kiwiko hadi ncha za vidole.

"Pipa kubwa hivi, dhiraa itapotelea humo," alimwambia mkewe, Mwanahija. "Hata ukucha hautapenya."

Wakalizungushia pipa ile pete, wakaiegemeza juu ya misumari. Haikugusa ubao popote. Mwanahija alilizunguka pipa mbio, akichomeka mkono kila hatua, na kila mahali vidole vyake vinne viliingia vimepangana.

"Baba Nasoro, imeachia pande zote!"

"Haiwezekani! Dhiraa moja tu, Mama Nasoro!"

"Njoo uone mwenyewe."

Mbao zilianza kulia, zikitanuka kuifuata pete. Bondeni watoto wa chuo cha Kurani walikuwa wakisoma kwa sauti, na Mwanahija akataka kukimbia kuwaita.

Alivuta mkono. Vidole havikutoka.