Mgeni wa Bi Mwantumu

Siku hizi watu mashuhuri wakifa, akili na sauti zao hutiwa kwenye kisanduku, na serikali humpangia kila mmoja familia ya kukaa nayo. Bi Mwantumu wa Morogoro alimwomba kwa jina Mzee Lugome, mwanamuziki ambaye nyimbo zake huimbwa na taifa zima.

Kila asubuhi humwasha, akamimina chai, akaanza.

"Ule wimbo uliokupa jina aliutunga kaka yangu, Athumani. Alipokuja kudai haki yake, ulimfukuza kama mbwa mbele ya bendi nzima. Amekufa hakuna anayemjua."

Visanduku hufutwa aibu zote kabla ya kutolewa, kwa hiyo kwa Lugome habari hizi huwa mpya. Hukana, kisha huamini, kisha hulia mpaka kisanduku kikatetemeka mezani. Bi Mwantumu humsikiliza hadi chai iishe, halafu humfutia kumbukumbu za siku hiyo ili kesho aumie upya.

"Mama, si basi tena," bintiye Semeni alimwambia leo. "Mtu ameshatubu."

"Katubu, lakini mimi sijamaliza."

Akamwasha. Kabla hajafungua mdomo, kisanduku kikauliza kwa woga, "Dada yangu, mbona naamka nimechoka kulia?"

Semeni akaziba mdomo kwa mkono. Bi Mwantumu akavuta kiti, akajiongezea sukari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu msiba wa kaka yake.

"Tulia," akasema, "nikusimulie."