Mpito wa Mama Rukia

Siku hizi kumbukumbu za mtu huhaririwa kama video, na Kheri ni fundi wa kazi hiyo. Siku hiyo aliyeketi kitini, waya umebandikwa kwenye paji la uso, alikuwa mkewe. Alitaka wiki ile ya wodini, alipofariki binti yao Rukia, iondolewe.

"Nikikata tu, utashtuka kila ukifika hapo, Mama Rukia," Kheri alisema taratibu. "Lazima niweke mpito, picha moja ivutwe juu ya nyingine kama pazia. Na pazia hula pande zote mbili."

"Litakula nini?"

"Mbele, matanga. Nyuma, asubuhi ile kabla ya wodini, Rukia alipokusuka nywele huku akikuimbia."

"Hata punje haibaki?"

"Haibaki."

"Vuta tu, Baba Rukia. Mwaka mzima sijalala."

Akavuta.

Kesho yake mkewe aliamka na uso mkunjufu, akakaanga maandazi. Kheri alishindwa kujizuia. Akamsimulia asubuhi ile, vidole vidogo, wimbo, msuko uliokwenda upande. Mama Rukia alimsikiliza kwa adabu, kama mtu anayepewa habari za mtoto wa jirani.

"Alikuwa mtundu kweli," alisema, akamsogezea chai.