Alama ya Kidole Gumba

Dukani kwa mpwa wake, mama mdogo alikigeuza chungu, akaweka gumba lake kwenye alama iliyo kitakoni, akatabasamu. Mji wao ulisifika kwa vyungu, na kila mfinyanzi alibonyeza kidole gumba chake hapo kabla udongo haujakauka.

"Huyu ni dada yangu," aliwaambia wajukuu aliowatoa mbali waje kuona fahari ya kwao. "Oneni kovu lake. Alijikata tukiwa wadogo."

Mpwa wake, mwenye duka, akainama kupanga vyungu. Mama yake, dada huyo huyo, alikuwa na miaka sita kaburini.

Mama mdogo akageuza chungu cha pili. Kovu. Cha tatu. Kovu, palepale. Cha nne alikigeuza taratibu, kama anayefunua uso wa maiti.

Kiwanda kimoja kilikuwa kimemwomba mpwa chungu kimoja tu cha kunakili, naye akakitoa kile cha mwisho cha mama yake. Tangu hapo vyungu vilikuja kwa lori.

Mama mdogo hakufoka. Heri angefoka.

"Na kidole chako, mwanangu, kiko wapi?"

Mpwa akaificha mikono nyuma. Ilikuwa safi, laini, kama ya karani.