Bipu Mbili

Bi Zaituni na bintiye Rukia walikuwa wamepatana: bipu moja, ameingia leba; bipu mbili, amejifungua salama. Kupokea marufuku, salio lisije likakatwa bure.

Alfajiri ikaja bipu moja. Adhuhuri, Bi Zaituni akikanda unga, simu ikalia, ikalia, wala haikukatika. Hilo halikuwamo katika mapatano.

"Pokea, shoga!" jirani yake Mwanaidi akamhimiza.

"Nitammalizia vocha."

Akaiacha mpaka ikanyamaza. Ikaanza tena. Akabonyeza kwa kidole chenye unga.

"Nimejiunga kifurushi, mama," Rukia akasema kwa sauti ya uchovu. "Msikilize."

Kichanga kikalia kwa hasira. Dakika zikawa zinakwenda, na Bi Zaituni, unga ukimkaukia mkononi, hakukata.