Dakika ya Tisa

Siku Makame alipokwenda kukagua kebo darajani, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Mkewe, Saumu, alibaki kituoni akiangalia mtambo wa simu. Kila kebo inapokatika, mtambo haumsahau mara moja mtambo mwenzake wa ng'ambo ya mto. Huzishika lebo zake, yaani alama za kuelekeza simu, kwa dakika kumi, ukimsalimu kwa njia ya pili ya mlimani, ili kebo ikirudi kazi iendelee palepale. Kumi zikipita, hufuta kila kitu.

Saa nne taa ya kebo ilizimika. Saumu akampigia mumewe.

"Maji yamefika kwenye boksi la kebo," Makame alisema. "Nalifunga, narudi."

"Liache boksi, baba Rehema!"

"Mwoga wewe! Hata mtambo wako umetulia, unasubiri." Akacheka, kisha simu ikakatika.

Saumu alipiga tena na tena. Dakika ya tisa tangu taa izimike aliweka simu chini, akaondoa kikomo cha dakika kumi cha mtambo, ili usifute chochote kamwe.

Jioni msimamizi wa kituo alifika amelowa.

"Shemeji, daraja limekwenda na maji, naye pia. Rudisha kikomo, twende nyumbani."

"Nyumbani nikamwambie nini Rehema?"

Siku hizi Saumu anauza laini za simu sokoni. Kule kituoni, kikomo hakijarudishwa.