Wino wa Kijani

Mtunza nyaraka aliitazama sahihi ya yule mama kwenye daftari la wageni, akaitazama tena, kisha akakohoa na wala hakuwa na kikohozi.

"Dada," akamwambia binti wa yule mama kwa sauti ya chini, "si afadhali uje peke yako siku nyingine? Faili lenyewe nene. Mama atachoka."

"Mama yupo hapa, anasikia," mama akajibu mwenyewe. "Macho ndiyo yamekufa, masikio bado."

Alikuwa mwalimu mstaafu. Sukari ilikuwa imemtia upofu, lakini jina lake aliliandika mwenyewe, kwa mkono wake wa kushoto, herufi zote zimelalia kushoto kama alivyoandika ubaoni maisha yake yote.

"Unaona?" akamnong'oneza binti yake walipokaa. "Miaka thelathini na moja, na bado wanaficha."

Nyaraka za Ikulu ya zamani zilikuwa zimefunguliwa kwa ndugu wa watu waliopotea, na mama alikuja na swali moja tu. Mumewe, mwandishi wa habari, alifichua gazetini kwamba serikali iliyokuwa ikiitukana nchi jirani redioni, ilikuwa ikiziruhusu ndege za kivita za nchi hiyohiyo kujaza mafuta kwenye uwanja wake. Kesho yake gazeti likafungwa. Mwandishi akajificha siku kumi na tisa, kisha watu wakaja kumchukua moja kwa moja, bila kuuliza njia. Hakuonekana tena.

Maficho yale yalijulikana na watu wawili tu: mkewe, na mdogo wake mwandishi, aliyekuwa akimpelekea chakula. Tena huyo mdogo mtu alikuwa amepotea siku nne kabla ya kaka yake kukamatwa, na aliporudi hakutaka kusema alikuwa wapi. Mama hakuhitaji ushahidi mwingine. Tangu hapo hakumsemesha shemeji yake, hata msibani alimpita kama hakumwona. Sasa shemeji alikuwa amelazwa, hali mbaya, na kila akizinduka anauliza kama shemeji yake amefika.

"Nikisikia jina lake humo, asinisubiri," mama alisema. "Lisipokuwemo, nitakwenda hata kwa miguu. Haya, soma."

Binti, mkunga aliyezoea kutoa habari mbaya polepole, akafungua faili.

Ilianza barua ya balozi wa taifa kubwa. Kwa adabu nyingi, balozi alitumaini kwamba kelele za gazeti zingekuwa zimetulia kabla waziri wao hajawasili. Ukafuata muhtasari wa kikao cha mawaziri, kurasa saba, ambamo wajumbe walikubaliana kwamba ndege hazikuwapo, na kwamba zisionekane tena. Mama akaguna. Kisha taarifa kwa vyombo vya habari, iliyoandaliwa siku tatu kabla mwandishi hajachukuliwa, ikitangaza kwamba ametorokea ng'ambo na mwanamke.

"Na mwanamke!" Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mtu aliyekuwa hajui hata soksi zake ziko wapi." Machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha.

Pembeni mwa kila karatasi kulikuwa na maneno mafupi kwa wino wa kijani, wino aliotumia Rais peke yake. *Nimeona. Sawa. Lifungwe.* Hayo binti hakuyasoma kwa sauti. Picha ya Rais yule ilikuwa ingali ukutani, sebuleni kwao.

"Mzee alikuwa na huruma," mama alisema, akijifuta. "Waliomzunguka ndio waliomzibia. Angejua, asingekubali."

Karatasi ya sitini na mbili ilikuwa ripoti ya maofisa. Binti aliisoma.

"Mdogo wa mtuhumiwa amehojiwa siku nne mfululizo. Hajataja mahali. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimevunjika. Tunaomba maelekezo."

Mama akajishika vidole vya mkono wa kulia. "Vile vidole," alisema. "Alisema alianguka na baiskeli."

"Si baba mdogo, mama."

"Nimesikia. Sasa ni nani?"

Binti alikuwa amekwisha kufungua karatasi ya sitini na tatu. Aliisoma kimya, akainua macho. Mtunza nyaraka, kule mezani kwake, akainamisha kichwa.

"Imeliwa na mchwa," binti alisema. "Pametoboka pote."

"Basi." Mama akapapasa fimbo yake, akasimama. "Nipeleke hospitali nikamwombe radhi yule mtoto wa watu. Na huyo aliyemuuza mume wangu, popote alipo, asipate usingizi mpaka anaingia kaburini."

"Usiseme hivyo, mama."

"Kwa nini nisiseme?"

Mtunza nyaraka alikuja akamshika mama mkono, akamwongoza taratibu kuelekea mlangoni. Binti akabaki kufunga faili.

Karatasi ya sitini na tatu ilikuwa nzima, haina tundu hata moja. Herufi zake zote zilikuwa zimelalia kushoto.

*Mheshimiwa Rais, najua wanaokuzunguka hawakuambii ukweli. Siku ya nne leo, ndugu anayempelekea mume wangu chakula haonekani. Mume wangu amejificha chumba cha nyuma kwa fundi saa, mkabala na soko la zamani, na kifua kinamsumbua. Wewe una huruma. Nakuomba utume mtu unayemwamini.*

Na pembeni, kwa wino wa kijani, maneno mawili:

*Atumwe. Leo.*