Maziwa ya Kulinganishia

Chini ya hadubini, maziwa yangu mwenyewe yalijaa chembe za plastiki. Moja ilikuwa ya buluu, nyembamba kama ukope wa mwanangu.

Nilikuwa nimeyakamua yawe sampuli safi, ya kulinganishia na maziwa ya akina mama wanaoishi kando ya jalala.

Mkuu wa maabara alichungulia, akacheka. “Dada, umetuharibia utafiti. Yamwage hayo, tutafute mama aliye safi.”

Matiti yalikuwa yamejaa, yanauma. Nyumbani mtoto alikuwa ananisubiri anyonye.

“Mtafute wewe, bosi!” Nikamsukumia chupa tupu kifuani. “Shemeji huko kwako si amejifungua juzi? Haya, kaanze naye.”

Aliitazama ile chupa. Mikono yake ikabaki mifukoni.